Wakuu naombeni njia ya kuzuia imeili taka za lugha za kigeni (Kirusi, Kichina, Kireno) zisiingie inboksi

#1 Jongoo_Mweupe (mleta uzi)
Habari za humu wakuu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Inboksi yangu imegeuka soko la lugha nisizozijua. Nikifungua nakuta Kirusi, nikishuka kidogo Kichina, halafu kuna vile vya Kireno au Kihispania hata kutofautisha siwezi, nahisi vyote vinauza kitu maana naona namba na alama za hela tu. Nimebloku weee mpaka vidole vimechoka, unabloku anwani hii baadae maneno yaleyale yanarudi kwa anwani nyingine. Mawasiliano yangu mimi ni Kiswahili na Kiingereza basi, sina mteja wala ndugu anayeniandikia Kirusi. Je hakuna swichi mahali ya kusema lugha hizi mbili ndo ziingie, zingine zote zikatupwe huko? Nina Gmail ya binafsi na ya kazini naisomea kwenye Thunderbird. Naombeni mtumie lugha nyepesi, mi sio mtu wa IT.

#2 chai_haina_sukari
Kichina tena 😂😂 mkuu jifunze tu, ushaletewa mwalimu bure mpaka mlangoni

#3 Seva_Moto
Mkuu kabla hujagusa setingi yoyote nijibu kitu kimoja. Hizi imeili zilianza kidogo kidogo zikaongezeka, au zililipuka ghafla yaani ndani ya muda mfupi ukapokea mamia, na nyingi zinaonekana kama "asante kwa kujiunga" au "thibitisha anwani yako" kutoka tovuti za nchi tofauti tofauti?

Nauliza hivyo kwa sababu kuna mchezo unachezwa. Mtu akishaiba paswedi yako ya duka la mtandaoni au namba za kadi yako, anaichukua anwani yako anaisajili kwa programu kwenye maelfu ya vijarida vya tovuti za dunia nzima. Zile tovuti hazina hatia, zinakutumia ujumbe wa kukukaribisha kila moja kwa lugha yake. Lengo sio kukuuzia kitu, lengo ni ile imeili moja ya "umenunua simu" au "paswedi yako imebadilishwa" ifukiwe chini usiione. Kwa hiyo ukiona mafuriko ya ghafla usianze na filta, anza kutafuta ndani ya inboksi majina ya benki yako na maduka unayotumia, angalia na folda ya taka na ya vilivyofutwa, badilisha paswedi ndo urudi hapa.

#4 Jongoo_Mweupe
Daah hilo sikulijua kaka. Hapana, zangu zimekuja taratibu, zinaongezeka tu. Na sio za kujiunga, ni matangazo.

#5 Seva_Moto
Poa, basi ni taka za kawaida, anwani yako imevuja mahali. Nenda Have I Been Pwned, ile tovuti ya Troy Hunt ipo tangu 2013, andika anwani yako itakwambia imeonekana kwenye uvujaji upi. Haitazizuia taka ila utajua paswedi gani ya kubadilisha.

Sasa kubloku. Kubloku mtumaji mmoja mmoja hakusaidii kwa sababu ile anwani unayoiona kwenye "Kutoka" mtumaji anaweza kuandika anachotaka. Leo ataandika hivi kesho vile, na mara nyingine ni anwani ya mtu wa watu ambaye akaunti yake imedukuliwa. Anabadilisha jina bure kabisa. Asichobadilisha kirahisi ni lugha, kwa sababu ana bidhaa ya kumuuzia msomaji wa Kirusi na lazima aandike Kirusi. Ndo maana wazo lako la kuchuja kwa lugha ni zuri kuliko kubloku, ila lina mitego yake.

Hebu fungua moja ya Kirusi uniangalizie chanzo chake. Gmail kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu pembeni ya imeili, kuna sehemu ya kuonyesha ujumbe asilia. Nipe mstari wa Subject tu, usibandike vyote maana anwani yako imo humo.

#6 Jongoo_Mweupe
Nimeona minyoo mitupu. Hii ndo ya Subject:

Subject: =?UTF-8?B?0J/RgNC40LLQtdGC?=

#7 Seva_Moto
Hapo hapo. Hio minyoo ni neno moja la Kirusi, "Привет", yaani mambo vipi. Imeili tangu zamani ilijengwa kubeba herufi za Kiingereza tu, kwa hiyo herufi nyingine zinafungwa kwanza ndo zinasafirishwa. UTF-8 inasema herufi ziliandikwa kwa mfumo upi, B inasema zimefungwa kwa base64 (njia ya kugeuza herufi yoyote iwe herufi za Kiingereza na tarakimu), kinachofuata ndo neno lenyewe.

Zamani kazi hii ilikuwa rahisi sana. Mrusi alikuwa anaandika kwa koi8-r au windows-1251, Mchina gb2312 au big5, Mkorea euc-kr, na hayo majina yalikuwa yanaonekana hapo wazi. Ulikuwa unaweka sheria moja, ukiona koi8-r peleka taka, kwisha. Ukigugo saivi utakuta ushauri huo bado umejaa. Lakini leo karibu kila mtu anatumia UTF-8, wewe ukiandika Kiswahili chenye emoji ni UTF-8, mtu wa taka naye UTF-8, kwa hiyo ukibloku UTF-8 umejifungia nje mwenyewe. Zile sheria za zamani ziweke kama unataka, zitanasa wachache waliobaki nyuma, ila usitegemee.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hata ndani ya minyoo kuna alama. Angalia baada ya B? pana 0. Neno la Kirusi kwenye UTF-8 likifungwa base64 linaanza na sifuri, kwa sababu herufi za Kisirili (ndo hizo anazoandikia Mrusi) zote zinaanza na baiti ya aina moja. Kiarabu kinaanza na 2. Kichina karibu siku zote ni 5 au 6. Emoji ni 8. Kwa hiyo kama seva yako inakuruhusu kusoma heda mbichi (mistari ya juu ya imeili kabla haijafunguliwa minyoo), sheria ya "Subject ina =?UTF-8?B?0" inanasa Kirusi bila kujua hata neno moja la Kirusi. Udhaifu wake ni kwamba akitanguliza "Re:" ndani ya fungu basi mwanzo unabadilika unakuwa UmU6 na sheria inapitwa.

#8 mama_wawili_tu
Jamani huyu kasema lugha nyepesi, sasa mnampa baiti 😅

Jongoo mdogo wangu sikiliza, mi natumia Gmail na nimetulia. Swichi ya lugha unayoitaka kwenye setingi za Gmail haipo, usiitafute. Unachofanya ni filta ya maneno. Nenda kwenye boksi la kutafuta juu kabisa, bandika hivi:

subject:(для OR что OR вас OR это OR или)

Hayo ni maneno madogo madogo ya Kirusi yanayotokea kila sentensi, kama kwetu "kwa" na "ni". Halafu USITENGENEZE FILTA KWANZA. Tafuta tu, uone vinatoka nini. Pitia kwa macho. Kama vyote ni takataka ndo ubonyeze kile kialama cha pembeni ya boksi la kutafutia, chagua kutengeneza filta, weka tiki iruke inboksi na ipewe lebo, lebo ite "Lugha nyingine". Kuna na kisanduku cha kuitumia kwa zilizokwisha kuingia, kiweke tiki kinasafisha za zamani kwa mkupuo.

Usichague kufuta. Narudia usichague kufuta.

#9 mpiga_ramli_digital
Kwani kufuta kuna ubaya gani, mtu huijui lugha utaisomaje hio imeili hata ikiwa ya maana? Mi nafuta moja kwa moja na maisha yanaenda.

#10 mama_wawili_tu
Unaifuta mpaka siku umekata tiketi ya ndege ya shirika la nje wakakutumia risiti kwa lugha yao, au umesajili kifaa na namba ya kuthibitisha ikaja na Kichina juu Kiingereza chini. Kwenye lebo utaikuta. Ukifuta Gmail inakaa kwenye pipa siku 30 halafu imekwenda, na pipani nani anaendaga kuangalia.

#11 kontena_la_mwisho
Namuunga mkono mama. Mimi naagiza vipuri China, wauzaji wangu wanaandika Kiingereza lakini saini ya chini na jina la kampuni ni Kichina, na kuna mmoja kichwa cha imeili anaweka namba ya oda na herufi za kwao. Ningefuta Kichina chote ningefunga biashara.

Nilichofanya ni kuangalia hizo taka zinauza nini. Taka nyingi za Kichina zinazonifikia zinauza risiti, yes, risiti za kodi za kununua, neno lenyewe ni 发票. Kwa hiyo filta yangu haisemi "Kichina", inasema Subject ina 发票 na mtumaji hayumo kwenye orodha yangu ya wauzaji. Mbele ya filta unaongeza tu -from:domeini ya muuzaji wako (ile inayokuja baada ya @). Muuzaji akiandika risiti ya kweli inapita, mgeni akiandika hilo neno anaenda kwenye lebo.

Kuhusu Kichina kwenye Gmail zingatia kwamba wao hawaachi nafasi kati ya neno na neno, na Gmail inatafuta neno zima sio kipande. Kwa hiyo jaribu kwa kutafuta kwanza kama alivyosema mama, usidhani tu kwamba imeshika.

#12 Jongoo_Mweupe
Ya Kirusi imekubali aisee!! Inboksi imepungua hapohapo. Sasa hizi za Kireno/Kihispania nafanyaje, hizi hazina herufi za ajabu, ni a b c d za kawaida.

#13 Seva_Moto
Hapo ndo penye kazi. Herufi tofauti ni rahisi, jicho tu linajua. Lugha zenye herufi kama zetu lazima uingie kwenye maneno, na maneno yana mtego kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Watu wa nje wanakwambia chukua vineno vidogo vya Kihispania, la, si, ukiweka hivyo umezika imeili zako zote za Kiswahili. "Na" ipo kwenye Kireno na Kipolandi, "za" ipo kwenye Kipolandi na Kikroatia, "dunia" ipo kwenye Kiindonesia. Hakuna hata moja ya kutumia.

Tafuta vineno ambavyo Kiswahili hakiwezi kuvitengeneza. Kireno: você, também. Kihispania: usted, nuestro, también. Kifaransa: vous, votre, avec. Kiindonesia: yang, dengan, untuk. Unaona vingi vinaishia na konsonanti au vina alama juu, Kiswahili chetu hakiishii hivyo ukiacha majina na maneno ya kukopa. Na usiweke moja, weka mawili yatokee pamoja kwenye imeili moja, mfano usted nuestro bila OR katikati, maana mtu anaweza kukuandikia Kiingereza akanukuu neno moja la Kihispania, ila mawili ya namna hio pamoja ni nadra.

Na hizi za Kireno na Kihispania usizichukulie poa kama matangazo. Ukiona boleto, fatura, nota fiscal, factura, halafu kuna faili la zip au linki ya kupakua, hizo ni ankara za uongo, ni njia maarufu sana ya kusambaza programu za kuiba akaunti za benki Brazil na nchi zinazoongea Kihispania. Wewe umo tu kwenye orodha kwa bahati mbaya. Usipakue kwa udadisi eti ngoja nione wameandika nini.

#14 Thunder_si_radi
Nijazie ya Thunderbird maana naona imesahaulika. Huko kuna vitu viwili na watu wanavichanganya.

Cha kwanza ni kichuja taka kinachojifunza. Hakijui lugha, kinahesabu maneno. Kila unapobonyeza "taka" kinakumbuka maneno yaliyokuwemo, na unapobonyeza "sio taka" kinakumbuka pia, halafu imeili mpya kinapima maneno yake yameelemea upande upi. Mtindo huu ulipata umaarufu baada ya Paul Graham kuuandikia 2002, na kwa lugha za kigeni unafanya kazi vizuri mno, kwa sababu kama hujawahi kupokea Kirusi cha maana basi kila neno la Kirusi kwake ni ushahidi wa taka. Tatizo watu wanakifundisha upande mmoja. Wanabonyeza taka taka taka, hawamwonyeshi hata siku moja imeili nzuri ni ipi. Chagua rundo la imeili zako nzuri za Kiswahili ziweke alama ya sio taka, vinginevyo kinaanza kushuku kila kitu.

Cha pili ni filta za ujumbe, zipo kwenye menyu ya zana. Hizi tofauti na Gmail zinatafuta hata kipande cha neno. Kwa hiyo huhitaji maneno mazima ya Kirusi, unanakili herufi moja tu kama и kutoka kwenye imeili taka unabandika, Subject ina и, peleka kwenye folda. Ongeza я na д, chagua "yoyote kati ya hizi". Ukitaka sheria moja inayoshika herufi zote za Kisirili kwa mpigo kuna nyongeza inaitwa FiltaQuilla, inaruhusu kuandika safu nzima ya herufi.

Angalizo, filta za Thunderbird zinafanya kazi Thunderbird ikiwa wazi. Kompyuta ikizimwa simu yako itaendelea kulia kwa Kirusi. Ukitaka zikome kote zuia kwenye seva.

#15 kitabu_cha_picha
Ukitumia herufi moja moja uchague vizuri, а е о р с za Kirusi zinafanana kabisa na zetu kwa macho, ukizichapa kwa kibodi yako umeweka za kwetu na utafagia inboksi nzima. Nakili usichape.

#16 Thunder_si_radi
Asante boss, ndo maana nimechagua и, я na д, hazina mfano kwetu. Ila hizo pacha nazo zina faida yake. Matapeli wanachomeka а ya Kirusi katikati ya jina la benki au la kampuni kubwa ili filta za kawaida zisilitambue. Ile sheria ya safu nzima ya Kisirili inawanasa na hao, wanaoandika Kiingereza safi chenye herufi moja ya kuazima. Mi naona hio peke yake inalipa gharama ya kuiweka.

#17 bwana_ofisi
Wa Outlook mpo? Ile Outlook ya zamani ya kusakinisha kwenye kompyuta, kwenye setingi za barua taka kuna kichupo cha Kimataifa. Unaweza kubloku nchi kwa mkia wa anwani (.ru, .cn n.k) na kuna orodha ya mifumo ya herufi. Halafu kama kampuni yenu inatumia Microsoft 365, msimamizi ana sehemu kwenye sera za kuzuia taka ya kuchagua lugha zisizotakiwa, na nchi pia. Hio ndo swichi ambayo mleta uzi alikuwa anaiulizia, ipo, ila ni ya msimamizi sio ya mtumiaji. Mwambie mtu wenu wa IT, ni kuweka tiki tu.

#18 Seva_Moto
Kweli, ila mkia wa anwani na lugha ni vitu viwili. Taka za Kirusi nyingi zinakuja na anwani za .com, na kuna watu wa maana kabisa wana .ru wanaandika Kiingereza. Kubloku nchi nzima ni panga butu.

#19 nyaya_na_waya
Kwa wanaojiendeshea seva, SpamAssassin (programu ya kuchuja taka kwenye seva) inajua lugha kabisa na Kiswahili kimo kwenye orodha yake, kifupi chake ni sw. Unawasha programu-jalizi ya TextCat halafu kwenye faili la setingi, local.cf:

ok_languages sw en

Kuna na ok_locales lakini ile inaangalia mfumo wa herufi, na UTF-8 inaipitisha siku zote, kwa hiyo tunarudi kwa alichosema Seva_Moto juu, msaada wake umepungua.

Kizuri chake ni kwamba lugha haihukumu, inatoa pointi. Kizingiti cha kawaida ni 5, na lugha isiyotakiwa peke yake haifikishi hapo. Inasubiri ushahidi mwingine, labda seva iliyotuma ipo kwenye orodha mbaya, labda saini ya DKIM (muhuri wa kuthibitisha domeini iliyotuma) haipo au imeshindwa, labda linki ni ya domeini ya jana. Vikijumlika ndo inakuwa taka. Kuna watu wanaipandisha lugha mpaka 10 wanajiona wajanja, halafu imeili fupi za Kiswahili zinaanza kupotea.

Kwa nini fupi? Kwa sababu TextCat inatambua lugha kwa kuhesabu vipande vya herufi mbili tatu nne vinavyojirudia, ni njia ya Cavnar na Trenkle ya 1994, na inahitaji maandishi ya kutosha. Chini ya herufi kama 256 hivi inajikalia kimya, na juu kidogo ya hapo bado inaweza kubabaika. Sasa fikiria imeili iliyovuka hapo kidogo tu, imeandikwa kama sisi tunavyoandikiana, "Poa boss nimeipata ntakucheki badae asante", vifupisho, Kiingereza nusu, herufi zimeliwa. Kwa mashine hio sio Kiswahili cha kwenye mafunzo yake.

#20 chai_haina_sukari
Yaani mashine inatuambia tuandike vizuri 😂

#21 Jongoo_Mweupe
Wakuu nimeweka za Kireno na Kihispania kwa maneno mawili mawili, zimekaa vizuri. Ila kuna za ajabu. Kuna imeili imetoka kampuni kubwa kabisa ya ukweli, imeandikwa kwa Kiingereza, "Hello" halafu baada ya Hello kuna Kirusi kirefu na linki, halafu inaendelea "thank you for registering". Hio ni nini tena?

#22 Seva_Moto
Hio ni akili nyingine. Mtu wa taka ameenda kwenye fomu ya kujisajili ya hio kampuni, kwenye sehemu ya jina badala ya jina akaweka tangazo lake zima na linki, kwenye sehemu ya anwani akaweka yako. Kampuni kwa heshima zote inakusalimia kwa "jina" lako. Imeili ni halali, saini zote zipo, seva ni safi, kwa hiyo kila kichujio kinaipisha. Usiibloku kampuni kama unaitumia. Hapo filta ya maneno ya Kirusi isiishie kwenye Subject, ipeleke na kwenye mwili. Gmail ukiondoa neno subject: mbele ya mabano inatafuta kote.

#23 mama_wawili_tu
Ila ukiipeleka mwilini ongeza -from: za kazini kwako. Tangazo la kikao likija na kiambatisho au saini ya lugha tatu litadakwa na filta. Na kwa watu unaowaamini tengeneza filta nyingine ya "isiende taka kamwe".

#24 dada_wa_jioni
Samahani naingilia, hizi zina kile kilinki cha "jiondoe" chini, kwa lugha yao. Nikikibonyeza si zitaisha?

#25 nyaya_na_waya
Dada inategemea ni nani. Kampuni halali inayotuma matangazo mengi, bonyeza kile kitufe cha kujiondoa kinachowekwa na Gmail yenyewe juu karibu na jina la mtumaji, hicho kinatumia heda maalum na mara nyingi huingii kwenye tovuti yao. Tangu 2024 Google inawalazimisha wanaotuma zaidi ya imeili 5000 kwa siku kwenda Gmail kuwa na kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo yao. Lakini kilinki kilichomo ndani ya imeili ya tapeli, kwa lugha hata huijui, usikiguse. Unampa uthibitisho kwamba kuna mtu hai nyuma ya hio anwani. Na zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, maana kuna vipicha visivyoonekana kazi yake ni kutoa taarifa kuwa umefungua.

#26 mpiga_ramli_digital
Vipi zinazokuja sio za taka ila ni za mtu mwingine? Mi napokea risiti za saluni na ratiba za shule za mtoto wa mtu huko Marekani ya Kusini, Kihispania mwanzo mwisho, zinaniita kwa jina langu kabisa.

#27 mama_wawili_tu
Hahaha huyo ni wajina wako, anadhani anwani hio ni yake. Anaandika jina.lake kwa kidoti wewe unatumia bila kidoti, na Gmail haihesabu vidoti, ni sanduku moja na ni la kwako. Hizo usizipe alama ya taka, tovuti hazijakosea, aliyekosea ni yeye. Tengeneza filta ya sehemu ya "Kwenda" yenye hio anwani kwa kidoti chake kama alivyoiandika, ziruke inboksi. Na ikija ya kubadilisha paswedi yake usibonyeze, sio akaunti yako hio.

#28 Jongoo_Mweupe
Swali la mwisho wakuu nimetafuta pa kutengenezea filta kwenye simu sipaoni, na pia kuna matukio ya Kichina yameingia kwenye KALENDA yangu sio kwenye imeili, yanalia kabisa yanikumbushe.

#29 Thunder_si_radi
Programu ya Gmail ya simu haina pa kutengeneza filta, lazima kompyuta, au fungua kivinjari cha simu uchague kuonyesha tovuti ya kompyuta, inabana macho ila inakubali. Ukishaiweka inafanya kazi kote mpaka simuni kwa sababu ipo kwenye seva.

Ya kalenda ni mialiko, wanatuma mwaliko kama imeili na Kalenda ya Google inauweka yenyewe. Ingia setingi za kalenda kwenye kompyuta, sehemu ya mipangilio ya matukio, kwenye kuongeza mialiko chagua iongezwe mtumaji akiwa anajulikana tu. Yaliyokwisha kuingia usibonyeze "sitakuja" maana jibu linarudi kwake, fungua tukio chagua kuripoti kama taka, yataondoka yote ya huyo mtumaji.